MAYAI MADOGO NA MAYAI MAKUBWA KATIKA KIOTA KIMOJA

Tazama kuku walioko uani kwako. Huenda utaona kuku wa namna mbili. Wapo kuku wafupi, wadogo, wenye miguu mifupi. Wapo pia kuku wakubwa, warefu na wazito. Wataalamu wa mifugo wa Tanzania wamewaorodhesha kuku wetu wa kienyeji kwa maumbo yao. Ching'wekwe ni kuku mfupi na mdogo. Kuchi ni kuku mrefu na mzito. Siku hizi wapo pia kuku chotara, kama Sasso na Kuroiler, ambao wameenea vijijini.

Kuku mdogo hutaga yai dogo. Kuku mkubwa hutaga yai kubwa. Lakini si kila kuku anayetaga anapenda kuatamia. Kuku chotara wengi hutaga vizuri, ila hawalali juu ya mayai yao. Kuku mdogo wa kienyeji, yeye ni mlezi hodari. Hulala juu ya mayai kwa uvumilivu, na huwalinda vifaranga kwa ukali.

Kwa sababu hiyo wafugaji wengi humpa kuku mdogo mayai yake pamoja na mayai ya kuku mkubwa. Hilo ni jambo zuri. Linawezekana, na halihitaji fedha. Lakini lina kanuni zake. Asiyezifuata hupoteza mayai, na kupoteza mayai ni kupoteza chakula cha watoto.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA AFYA?

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 3 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Akili yake pia huchelewa kukua. Sababu mojawapo ni kula ugali au uji mtupu siku zote, bila chakula cha kujenga mwili.

Yai ni chakula cha kujenga mwili. Lina protini nzuri. Lina vitamini A inayolinda macho. Ni laini, na mtoto aliyefikisha miezi 6 anaweza kulila likichemshwa vizuri na kupondwa. Mama mjamzito naye analihitaji. Katika sehemu nyingine za nchi yetu wazee walisema kwamba mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Hayo si kweli. Yai halina madhara hayo. Linamjenga mama na mtoto aliye tumboni.

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilifundisha mambo ya chakula bora kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea. Somo lile halijapitwa na wakati. Chakula bora huanzia nyumbani, na kuku ni sehemu ya chakula hicho. Kwa hiyo tujifunze kutotoa vifaranga bila hasara.

HASARA HUTOKEA WAPI?

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mtetea mdogo anayetaka kuatamia. Anamwekea mayai 4 madogo na mayai 5 makubwa. Yote anayaweka siku moja. Anahesabu siku 21, kama alivyofundishwa.

Siku ya 19 au ya 20 mayai madogo yanapasuka. Vifaranga 4 wanatoka. Wanalia, wanatembea chini ya mbawa za mama yao. Mama kuku husubiri kidogo, siku moja hivi au mbili, kisha huondoka kiotani. Anawapeleka watoto wake kutafuta chakula. Hawezi kujua kwamba mayai yaliyobaki yana vifaranga hai. Mayai 5 makubwa yanabaki peke yake. Yanapoa. Vifaranga waliomo ndani wanafa, huku wengine wakiwa wameshaanza kutoboa ganda.

Mama huyo atasema, "Mayai yale hayakuwa na mbegu." Sivyo. Mayai yalikuwa mazuri. Kosa lilikuwa katika kuhesabu. Mayai 5 hayo hayakuwa vifaranga, wala hayakuliwa na watoto. Yamepotea bure.

Sababu ni hii. Yai la kuku wa kawaida huanguliwa siku ya 21. Yai kubwa sana laweza kufika siku ya 22. Lakini yai la kuku mfupi mara nyingi huanguliwa mapema, siku ya 19 au ya 20. Tofauti ni siku moja au mbili tu, lakini siku hiyo moja ndiyo inayoua vifaranga.

KANUNI YA KWANZA: MAYAI MAKUBWA YATANGULIE

Weka mayai makubwa kwanza. Ongeza mayai madogo siku inayofuata, saa ile ile.

Kwa mfano, weka mayai makubwa Jumatatu jioni. Weka mayai madogo Jumanne jioni. Siku 21 ni wiki 3 kamili. Kwa hiyo mayai makubwa yategemee Jumatatu ya tatu baada ya ile uliyoanzia. Mayai madogo nayo, kwa hesabu ya siku 20, yatafika Jumatatu hiyo hiyo. Yakiwahi kwa siku moja, yataanguliwa Jumapili. Mama kuku atakuwa bado yuko kiotani, na vifaranga wote watatoka pamoja.

Usikae siku nyingi kati ya kundi la kwanza na la pili. Wapo watu wanaoongeza yai kila siku. Kuku huyo atatotoa kila siku, naye hatasubiri wa mwisho.

KANUNI YA PILI: ANDIKA JUU YA YAI

Hapa kusoma na kuandika kutakusaidia. Chukua penseli au kipande cha mkaa. Juu ya yai kubwa andika herufi K. Juu ya yai dogo andika herufi D. Andika na tarehe uliyoliweka chini ya kuku. Usitumie rangi ya mafuta, kwa sababu ganda la yai lina vitundu vidogo sana. Kifaranga aliyemo ndani hupata hewa kwa njia ya vitundu hivyo.

Alama hizi zina faida nyingine. Kuku wengine hupenda kutaga katika kiota cha mwenzao. Kila siku mama kuku anapotoka kula, angalia kiotani. Yai lisilo na alama ni jipya. Liondoe siku hiyo hiyo, ulipeleke jikoni.

KANUNI YA TATU: CHAGUA MAYAI VIZURI

Chagua mayai yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa. Mayai ya zamani hutotoa machache. Wakati unayakusanya, yaweke mahali penye ubaridi, pasipo jua wala moshi. Upande mnene wa yai uwe juu.

Acha mayai yenye ufa, yenye umbo la ajabu, au yenye ganda jembamba. Acha pia mayai machafu sana. Usiyaoshe, kwa sababu maji huingiza vijidudu ndani kupitia vile vitundu. Kama kuna uchafu kidogo, ukwangue taratibu kwa kitambaa kikavu.

Kumbuka kwamba ukubwa wa yai hutoka kwa mtetea, si kwa jogoo. Ukimweka jogoo wa Kuchi na mtetea mfupi, yai bado litakuwa dogo. Kumbuka tena kwamba vifaranga wa kuku chotara hawatakuwa wote sawa na mama yao katika kutaga na kukua. Watafaa kufugwa, lakini usitegemee wote wawe kama yeye.

KANUNI YA NNE: USIMZIDISHIE KUKU MAYAI

Kuku mdogo ana mwili mdogo. Mayai makubwa huchukua nafasi kubwa. Mtetea mfupi anayeweza kufunika mayai yake 9 au 10, mpe mayai makubwa 4 au 5 na madogo 2 au 3 tu. Kisha mtazame akiwa amelala. Ukiona yai hata moja limejitokeza nje ya manyoya, punguza.

Usiseme, "Likipoa moja si kitu." Mama kuku hugeuza mayai yake mara nyingi usiku na mchana. Lililoko pembeni leo, kesho liko katikati. La katikati nalo huenda pembeni. Kwa hiyo baridi huzunguka, hugusa yai moja baada ya lingine. Ukiongeza mayai 3 ya ziada, waweza kupoteza karibu yote.

Huku Hanang na Mbulu jambo hili ni kubwa zaidi. Ndugu zetu wa Hirbadaw na vijiji jirani wanajua baridi ya miezi ya Juni, Julai na Agosti. Katika miezi hiyo punguza mayai 2 zaidi. Weka kiota mahali pasipopitisha upepo, na weka nyasi kavu nyingi chini.

Kuku mzito kama Kuchi naye ana hatari yake. Akikanyaga yai dogo, hulivunja. Yai lililovunjika huchafua mengine na kuita sisimizi. Kwa mayai mchanganyiko, mlezi bora ni mtetea wa kienyeji wa umbo la kati, aliyewahi kulea.

KIOTA NA MLEZI WAKE

Kabla ya kumpa mayai mazuri, mjaribu kwanza. Mwekee mawe mawili laini yenye umbo la yai, au mayai mawili yasiyofaa. Akilala juu yake siku 2, usiku na mchana, huyo yuko tayari. Mpe mayai jioni, kukiwa na giza. Kuku hatulii vizuri akisumbuliwa mchana.

Kiota kiwe kama bakuli lisilo na kina kirefu. Kikiwa na shimo kubwa, mayai yatapandana na kuvunjika. Tumia kikapu, boksi au chungu kilichovunjika shingo. Weka udongo kidogo chini, kisha nyasi kavu. Nyunyiza majivu makavu ili kuzuia utitiri na chawa. Utitiri humnyonya kuku damu hadi akimbie mayai. Pia huuma watu.

Weka maji safi na nafaka karibu na kiota. Mama kuku hutoka mara moja kwa siku, kwa muda mfupi. Akikosa chakula karibu, atakwenda mbali, na mayai yatapoa.

MULIKA MAYAI

Tumia tochi au taa ya simu. Fanya kazi hii usiku. Wiki moja baada ya kuweka mayai, yaani Jumanne ya wiki inayofuata, toa yai moja moja. Liweke mbele ya mwanga, huku umelizungushia vidole.

Ukiona mishipa myekundu kama utando wa buibui, yai lina kifaranga. Lirudishe upesi. Ukiona yai ni jeupe kabisa ndani, halina mbegu. Liondoe. Rudia tena Jumanne ya wiki ya pili. Wakati huo yai zuri huonekana jeusi, isipokuwa upande mnene ambako kuna hewa. Yai linaloonekana kama maji yanayocheza ni bovu.

Mayai unayoyaondoa usiyale, wala usiyauze. Yamekaa katika joto siku nyingi, na vijidudu vimezaliana. Yafukie katika shimo refu au yatupe chooni. Yai viza likipasuka kiotani hunuka na kuharibu mengine. Baada ya kazi nawa mikono kwa maji na sabuni.

SIKU YA KUTOTOA

Siku hiyo usimsumbue mama kuku. Usivunje ganda ili kumsaidia kifaranga. Kifaranga aliyetoboa ganda anaweza kuchukua nusu siku au zaidi kabla ya kutoka. Ukimvuta mapema, hutokwa damu.

Je, vifaranga wadogo wakitoka kwanza, na mama yao ataka kuondoka? Usikate tamaa. Wachukue vifaranga waliokwisha kukauka. Waweke katika kikapu chenye kitambaa, mahali penye joto. Kifaranga mchanga anaweza kukaa hata siku 2 bila kula, kwa sababu bado ana kiini cha yai tumboni. Mama kuku asiposikia sauti zao, atatulia juu ya mayai yaliyobaki. Wote wakishatoka, mrudishie wale wa kwanza usiku, chini ya mbawa zake.

Vifaranga wa namna mbili hawana nguvu sawa. Wakubwa huwasukuma wadogo kwenye chakula. Weka vyombo viwili vya chakula, kimoja mbali na kingine. Chombo cha maji kiwe cha kina kifupi, na weka vijiwe ndani ili wadogo wasizame. Wafunike kwa tenga katika wiki za kwanza, ili mwewe asiwachukue.

WANAOTUMIA MASHINE

Vikundi vingine vina mashine ya kutotolea vifaranga. Kanuni ya siku ni ile ile: makubwa leo, madogo kesho. Mashine yenye feni iwe na joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi. Geuza mayai angalau mara 3 kila siku. Siku ya 18 ya mayai makubwa acha kugeuza yote, na ongeza maji ili hewa iwe na unyevu zaidi.

Katika mashine isiyo na feni, joto hupanda juu. Yai dogo liko chini zaidi, hivyo hupata joto kidogo. Liinue kwa kuweka kitambaa kilichokunjwa chini yake, ili migongo ya mayai yote iwe sawa. Usifungue mlango ovyo siku ya kutotoa.

JILINDE WEWE NA FAMILIA YAKO

Kuku wanatupa afya, lakini wanaweza pia kutuletea maradhi. Shika mambo haya:

1. Usiweke kiota katika chumba cha kulala au jikoni. Jenga banda dogo, hata la fito na udongo.

2. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba mnacholala ili kuwapa vifaranga joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini. Katika usiku wa baridi, joto la mama kuku latosha.

3. Mtoto anayetambaa asicheze mahali penye mavi ya kuku. Mtoto huweka kila kitu mdomoni. Kuhara kwa mara kwa mara humdumaza, hata kama anakula mayai. Fagia ua, na mtandikie mkeka mahali safi.

4. Chemsha yai mpaka kiini kigande. Usile kuku aliyekufa kwa ugonjwa.

5. Chanja kuku wako dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima, na hauna dawa. Chanjo ya I-2 hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutolewa tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Kifaranga na jogoo hupata tone moja sawa. Chanja kuku wazima, si wagonjwa. Muulize afisa mifugo wa kata yako.

MAYAI YAGAWE

Usiatamishe mayai yote. Wala usiuze yote. Mtetea wa kienyeji akitaga mayai 12, chagua yatakayoatamiwa. Mengine yawe chakula cha mtoto mdogo na cha mama mjamzito kwanza. Yakibaki, uza. Si sawa kuuza mayai yote sokoni, kisha kurudi nyumbani na soda, huku mtoto akinywa uji mtupu.

Haba na haba hujaza kibaba. Yai moja uliloliokoa kwa kuhesabu siku vizuri ni kifaranga. Kifaranga huyo akikua, atataga mayai ya kumlisha mwanao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mayai makubwa yawekwe siku moja kabla ya mayai madogo?

2. Ukiweka mayai makubwa Alhamisi jioni, madogo utayaweka siku gani? Vifaranga utawategemea siku gani?

3. Katika kijiji chenu, ni nani hula mayai nyumbani? Ni nani hunyimwa, na kwa sababu gani?

4. Kuku wenu hulala wapi? Mnaweza kufanya nini mwezi huu ili wasilale pamoja na watu?